KUPIGA MAKOFI SI MAZOEZI



Mtumishi wa Serikali huingia ofisini asubuhi, huketi, huandika, kisha hurudi nyumbani akaketi tena. Akialikwa kutembea hujibu kwamba amechoka. Kumbe kilichochoka ni macho na shingo. Miguu haikufanya kazi yo yote. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Ni kweli, bali mkaa kitini hula mwili wake mzima, kama wajuavyo wenzetu wenye kisukari na shinikizo la damu.

Faida ya mazoezi haina ubishi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma. Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Tena yapo mashindano ya SHIMIWI kwa wizara na idara, na ya SHIMISEMITA kwa serikali za mitaa. Hayo ni mema. Lakini apelekwaye huko ni yule aliyekwisha kuujua mchezo. Sisi wengine twabaki kushangilia, na makofi hayapunguzi kitambi. Basi shauri langu ni kwamba chama chetu kisihesabu vikombe, bali kihesabu wanachama waliotoka jasho.

Hapa Binza hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Wagalu na Wagika hushindana kwa ngoma baada ya mavuno, na katika bugobogobo jembe lenyewe hurushwa na kudakwa. Wazee wetu hawakutenga kazi na furaha. Sisi tulipopata elimu tulimwachia jembe asiyesoma, na ufundi tukamwachia asiye na cheti.

Lakini cheti nacho kina mwisho. Watumishi wengi wa umma hustaafu kwa lazima wafikapo miaka 60. Siku hiyo meza huchukuliwa, na asiyejua kazi ya mkono hubaki akingojea barua isiyokuja. Mtume Paulo alikuwa msomi, naye alishona mahema. Kuchonga kinu, kusuka kikapu au kuranda ubao hutuliza moyo leo, na kesho humpa mstaafu sababu ya kuamka.

Kwa matembezi tunazo ngitili, yaani malisho na miti inayohifadhiwa kwa ajili ya mifugo wakati wa kiangazi. Mpango wa HASHI ulioanzishwa mwaka 1986, Bariadi na Maswa zikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, ulizifufua nyingi. Ni aibu kuandika taarifa za mazingira na kutoweza kutaja miti mitano kwa majina yake.

Kwa hiyo Jumamosi ya pili tukutane alfajiri, twende kwa miguu hadi ngitili iliyo karibu, kwa ruhusa ya wenyewe. Baadaye fundi mzee wa kijijini atufundishe, naye alipwe ujira wake. Jioni uchezwe mpira, timu zikigawanywa kwa kura, wazee kwa vijana, wake kwa waume. Siku nyingine kila mtu atembee nusu saa, na dakika 150 zitatimia.

Katibu na afungue daftari la majina. La kwanza liwe la Mwenyekiti.