Kiyama Kilikwisha Kufika Masasi

Natoa pendekezo ambalo najua litawaudhi baadhi ya wasomaji wangu, hususan wale wenye mihuri ya utamaduni mezani: vijana wa Masasi na Newala watunge albamu ya muziki wa metali kuhusu mwisho wa dunia. Sisemi wimbo mmoja wa dakika tatu. Nakusudia albamu nzima ya saa moja na ushei, yenye kisa kimoja tangu mwanzo hadi tamati, katika mkondo ule uitwao metali ya progresivu, ambao hubadilisha mapigo katikati ya wimbo, hupanda hadi kelele za kutisha, kisha hushuka hadi ukimya.

Pingamizi la kwanza nimekwisha kulisikia: huo ni muziki wa mashetani. Wanaosema hivyo wafahamu kwamba mwaka 1972 bendi ya Wagiriki, Aphrodite's Child, ilitoa albamu iitwayo 666, nayo chanzo chake ni Ufunuo wa Yohana, kitabu kilekile kisomwacho katika makanisa yetu. Ikiwa mnyama, mihuri na moto ni halali mimbarini, kwa nini viwe haramu kwenye gitaa?

Pingamizi la pili ni kwamba muziki huo si wetu. Hili linastahili jibu refu zaidi, kwa sababu linatolewa na watu waliosoma. Katika miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa walizitazama bendi za tarumbeta za wakoloni, wakaziiga, wakazidhihaki, wakaunda ngoma ya beni. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, askari na wapagazi wakaisambaza beni kotekote Afrika Mashariki. Leo hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema beni ni ya Wazungu. Nairobi nayo imekwisha kutuonesha njia: mwaka 2020 kundi la Duma, ambalo jina lake kwa Kikikuyu lamaanisha giza, lilitoa albamu ya kelele kali iliyosikika hadi Ulaya. Aliyewahi kutazama mapiko ya Wamakonde, sura za mbao zikitoka kucheza huku mapigo ya ngoma yakigeuka ghafla, hatashangazwa na muziki unaogeuka ghafla.

Lakini hoja yangu kuu si ya mitindo. Ni kwamba vijana wetu wakiulizwa habari za mwisho wa dunia, hutaja sinema za Marekani au mahubiri ya vipaza sauti. Wanauona kama jambo lijalo. Ilhali wanaishi juu ya ardhi ambayo dunia ilikwisha kuishia zaidi ya mara moja.

Tazama kisa kinavyojipanga chenyewe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi, chini ya milima ile ya mawe, watu waliokombolewa utumwani Zanzibar, ili waanze maisha upya. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kama Magwangwara, waliishambulia makazi hiyo na kuchukua mateka. Waliokombolewa wakatekwa tena. Misheni ikahamia Newala. Mwaka 1905 ikaja Vita ya Majimaji. Waliopigana waliamini kwamba maji ya dawa yangegeuza risasi kuwa maji, na mwishoni mwa Agosti misheni ya Masasi ikachomwa. Serikali ya Wajerumani ikajibu kwa kuteketeza mashamba na maghala kusini kote. Kapteni Wangenheim aliandika bila haya kwamba njaa ndiyo itakayowatiisha watu. Wanahistoria wanakadiria vifo kati ya 250,000 na 300,000. Miaka 10 baadaye majeshi ya kigeni yakarudi: mwaka 1916 Wareno waliitwaa Newala, Wajerumani wakawatimua, na Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma, huku nyuma makumi ya maelfu ya wapagazi wa majeshi yote wakiwa wamekufa, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Kisa hicho hakitoshi katika wimbo wa dakika tatu. Kinahitaji muda, na kinahitaji kelele.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wahubiri wa kiyama. Kiyama chao hakina mtendaji wa kuulizwa. Kinashuka tu, nasi tunapiga magoti. Kiyama cha Masasi kilikuwa na watendaji. Kulikuwa na amri, bajeti, na maofisa waliojua kusoma na kuandika. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya azingatie hilo: njaa ile ilipita mezani kabla ya kufika shambani. Sanaa inayowazoeza vijana kungoja maangamizi kutoka mbinguni inawasahaulisha kuuliza nani alitia saini.

Albamu hiyo ningeiita *Maji*. Ianze na maji ya dawa, iishie na maji ya kunywa. Kwa maana juu ya uwanda wa Makonde mchanga huinywa mvua, mito hakuna, na vizazi vya wanawake vimeshuka mabondeni na kupanda tena na vyombo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza katika miaka ya 1950, na ndoo zingali zinapanga foleni. Wimbo wa mwisho upigwe taratibu sana, kwa mwendo wa mtu anayepanda mlima na mzigo, na usikilizwe pale Shimo la Mungu, Newala, ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana chini.

Mwaka 1906, moshi wa Majimaji haujatulia, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na Newala akirekodi nyimbo za wenyeji kwa fonografu, kisha akazipeleka kwao. Yeye aliona sauti za watu hawa zinafaa kuhifadhiwa. Sisi, wenye vyuo, studio na maofisa utamaduni kila wilaya, tunawaita vijana wetu hawa wa gitaa pale tu tunapohitaji wimbo wa kampeni. Wapeni ukumbi, wapeni umeme, wapeni nakala za nyaraka za 1905. Kisha muwaache wapige kelele.