Inchi Nayo Ipimwe Kifua



Vijana wanaokuja kwetu kupimwa mbele ya kuandikwa kazi wananiuliza jambo moja: kiwanda cha batri za motokari kitakuja lini? Swali lao ni la haki. Tunachimba kobalti, tunaifunga ndani ya mifuko, makamyo yanapanga mstari Kasumbalesa, na kazi ya kuisafisha wanaipata watu wa ng'ambo. Mwezi wa Novemba 2021, mule Kinshasa, wataalamu wa BloombergNEF walionyesha hesabu: kiwanda cha unga wa batri cha tani 10 000 kwa mwaka kinaweza kujengwa hapa kwetu kwa dola milioni 39. Marekani kingegharimu milioni 117, China milioni 112. Tarehe 29 Aprili 2022 inchi yetu na Zambia zikatia sahihi mapatano ya kazi hiyo, Lusaka.

Mimi nafurahi. Lakini kazi yangu ni kupima watu, na mtu hapimwi kwa bei. Namwambia avue shati, avute pumzi.

Benki ya Dunia ilikuwa na daftari yake ya kupima inchi, Doing Business. Ile ya 2020 ilituweka wa 183 kati ya inchi 190. Ilipanga inchi kwa mambo kumi: ruhusa ya kujenga, umeme, kodi, mikopo, forodha na mengine. Afya ya mfanyakazi haikuwa ndani. Mwaka 2021 wakaifunga, kwani hesabu zingine zilionekana zimeharibiwa. Sikulia.

Anayetaka kujua kama tuko tayari, apitie kwanza kwenye bomba la maji. Umeme ukikatika, pampu inasimama. Mama anateka kisimani, karibu na choo cha jirani. Kisha siku mbili tatu watoto wanahara, baba naye anahara, na mashine ya bei kali inabaki bila mtu wake. Wakubwa wanahesabu reli na barabara. Ndoo ya maji safi nayo ihesabiwe.

Tena, unga ule unatengenezwa kwa sulfati za nikeli na kobalti, pamoja na soda kali na amonia. Soda inaunguza macho. Amonia inakaba koo. Kobalti inaleta vipele na pumu kwa wengine. Kwa hiyo maji ya kunawa macho yawe karibu na kila mtu, si ofisini kwa mkubwa.

Siku moja alinifikia mzee aliyetumika miaka mingi mahali pengine. Anakohoa, anachoka kwa ngazi tano. Nikaomba picha yake ya mapafu ya zamani. Hakuna, hawakumpiga picha hata siku moja. Nitasemaje kama mavumbi yaliingia kule ao kwingine? Alirudi nyumbani bila karatasi ya kuonyesha.

Sheria ya kazi ya 2002 inataka komite ya usalama na usafi kazini. Ulizeni delege wenu: ya kwenu ilikaa lini mara ya mwisho? Na kijana unayengoja kiwanda kipya, siku watakapokuita, omba picha ya mapafu mbele ya zamu ya kwanza. Andika tarehe yake, uiweke nyumbani pamoja na karatasi za ndoa.