Kijiti Uani na Kivuli cha Adhuhuri



Wasomaji wetu wapenzi, Jumamosi moja ya mwezi wa Juni mtoto wetu alituuliza suali, nasi tukamjibu vibaya. Alikuwa ametoka chuoni saa sita na nusu, akasimama uani akikitazama kivuli chake. "Mbona likizo ya Disemba kivuli cha mchana kilikuwa kikilala upande wa Kilifi mjini, na leo kimelala upande wa Mombasa?" Tulikuwa katika shughuli zetu, tukamwambia avue viatu, aingie ndani, aache maneno mengi. Akaingia. Siku ile hakuuliza tena, wala siku ya pili yake. Hapo ndipo tulipoingiwa na hofu, kwani mtoto akinyamazishwa mara tatu nne hudhani kwamba kuuliza ni utovu wa adabu.

Jumamosi iliyofuata tulimwambia waziwazi kuwa suali lake lilikuwa zuri, na jawabu hatukuwa nalo. Tukachukua ufito wa mvinje, tukauchomeka ukabaki mita 1 juu ya ardhi, tukahakikisha umesimama wima kwa uzi uliofungwa jiwe. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba, yeye na nduguye mdogo waliweka kokoto penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10. Tuliwakataza jambo moja tu: wasilitazame jua lenyewe.

Kabla ya kupima, kila mmoja alitakiwa aseme anachokitarajia. Mdogo alisema kivuli kitatoweka saa sita kamili, kwa kuwa saa hiyo jua huwa utosini. Hakikutoweka. Kilipungua hadi sentimita 51, mnamo saa sita na dakika ishirini na ushei, kisha kikaanza kurefuka. Hatukumcheka, tulimuuliza kwa nini.

Mnarani iko nyuzi 3 na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa kaskazini mwetu, na kivuli huangukia kusini. Mwishoni mwa Disemba jua huwa kusini mwetu, na kijiti kile kile hutoa kivuli cha sentimita 36 hivi kuelekea kaskazini. Jua hupita juu ya utosi wetu mara 2 kwa mwaka: karibu na tarehe 12 Machi, na siku za mwanzo za Oktoba. Kwa hiyo yule mdogo hakukosea sana, alikosea siku.

Yakafuata mambo tusiyoyapanga. Mstari wa kivuli kilicho kifupi kabisa huonyesha kaskazini, na Makka iko karibu kaskazini barabara kutoka hapa kwetu. Ndiyo maana wazee waliuita upande huo kibla. Watoto wakaona kuwa mstari wa kokoto na mswala wa nyumbani vyaelekea pamoja. Tena, chuoni wamehifadhi kwamba alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kile cha adhuhuri. Wakajumlisha 100 na 51, wakaweka kokoto penye sentimita 151, wakakaa wakingoja. Kivuli kilipoifikia, haukupita muda adhana ikasikika. Walitazamana kama walioambiwa siri.

Elimu hii si ngeni kwetu. Mwanachuoni Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya vivuli, na nyakati za sala zimo humo. Leo simu hututajia wakati, nasi tunashukuru. Lakini simu haimwambii mtoto kwa nini.

Basi wazazi wenzetu, mtoto akiuliza na hamna jawabu, mwambieni, "Hatujui, njoo tupime." Wetu ameshatia alama kwenye kalenda siku za mwanzo za Oktoba. Ufito bado umesimama uani, na ameomba mtu asiung'oe.

Wabillahi tawfiq.