Mzimu kama Msemaji: Hoja kuhusu Hadithi Fupi za Kutisha

Wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili huipokea hadithi ya mizimu kwa swali moja: je, mwandishi anaeneza ushirikina? Swali hilo halitoshi. Linalofaa kuulizwa ni hili: mzimu unasema nini ambacho binadamu hakuthubutu kukisema?

Anayeishi Mzinga, chini ya Milima ya Uluguru, hana haja ya kutafuta mfano mbali. Katika pango la milima hiyo iliaminika kuwamo mzimu wa Kolelo. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, ilivuma kauli kwamba Kolelo amekataza watu kuwalipa Wajerumani kodi. Raia aliyetamka hivyo kwa jina lake angeadhibiwa. Pango halikuwa na shingo ya kutiwa kitanzi.

Kezilahabi aliutumia uwezo huo katika "Mayai Waziri wa Maradhi", ambamo mizimwi humsumbua waziri usiku. Kinachotisha humo ni dhamana aliyoitupa, si sura za mizimwi.

Uwanja huo ungali mpana. Kwa desturi ya Waluguru, ardhi hufuata ukoo wa mama. Baba anayetaka kuwarithisha wanawe shamba la ukoo wake huonekana kuwapokonya wapwa haki yao. Uchungu wa pande zote mbili hausemwi barazani. Hunong'onwa kama tuhuma za uchawi. Mhakiki anayeupuuza mzimu kwa jina la maendeleo huupuuza pia ugomvi uliouzaa.