ALITOA VYOMBO VYAKE NJIANI

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Somo la leo ni refu kidogo. Soma mpaka mwisho, kisha pima mwenyewe.

Vijana wengi mnaniuliza swali moja: "Shekhe, watu kukusanyika mahali na kulala hapo siku nyingi wakidai haki yao, ni halali au ni fitna?" Wengine mmeshapewa jibu na klipu ya dakika mbili ya WhatsApp. Huyu anasema ni haramu moja kwa moja, yule anasema asiyetoka ni mwoga. Mimi nasema, taratibu. Dini yetu haihukumu jambo kwa kelele zake. Inauliza: ndani yake mna nini?

KWANZA: MTU NA JIRANI YAKE

Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kwamba mtu mmoja alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumlalamikia jirani yake anayemuudhi. Mtume akamwambia asubiri. Akarudi tena, mara mbili au tatu. Hapo Mtume akamwelekeza aende akatoe vyombo vyake vya nyumbani aviweke njiani. Akafanya hivyo. Wapita njia wakawa wanamuuliza kuna nini, naye anawaeleza. Kila aliyesikia akamlaani yule jirani. Mwishowe jirani akaja mwenyewe kumwomba arudi ndani, akamwahidi kuwa hataona tena la kumchukiza.

Tazama mpangilio wake, ndugu yangu. Subira ilitangulia. Malalamiko yalipelekwa kwa mwenye mamlaka, tena zaidi ya mara moja. Kisha dhulma iliyokuwa imefichwa ndani ya ua ikatolewa njiani, kila mtu akaiona. Huyu bwana hakurusha jiwe, wala hakuchoma nyumba ya mtu. Alikaa na mikeka yake na vyungu vyake, basi.

Wapo maulamaa wanaozuia maandamano ya kila aina kwa kuchelea damu kumwagika. Hofu yao ina msingi, na anayewatukana hajui adabu ya elimu. Lakini kumchomolea mtawala upanga ni jambo moja, na kukaa na vyombo vyako njiani ni jambo jingine. Hata Katiba yetu ya Tanzania, katika ibara ya 20, inautambua uhuru wa mtu kukutana na wenzake kwa amani. Tusiyatie mambo haya mawili kwenye kapu moja.

PILI: WAKISHATOKA, WANAISHIJE?

Swali hili watu hawaliulizi. Kwa mbali, kambi ya waandamanaji ni bendera na kelele. Ukiisogelea unakuta ndoo za maji, masufuria na foleni ya choo. Hapo ndipo utawajua watu.

Chukua mfano wa ndugu zetu wa Sudan. Desemba 2018 watu walitoka katika mji wa Atbara baada ya bei ya mkate kupanda. Tarehe 6 Aprili 2019 umma mkubwa ukafika mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum na kukaa hapo. Siku tano baadaye, tarehe 11 Aprili, jeshi likamwondoa Omar al-Bashir aliyekuwa ametawala miaka 30. Watu hawakwenda nyumbani. Walisema wanataka serikali ya kiraia, si kubadilishiwa jenerali kwa jenerali. Wakabaki pale karibu miezi miwili, na Ramadhani ikawakuta palepale.

Sasa angalia walivyojipanga. Kila njia ya kuingilia iliwekwa vijana wa kupekua watu ili silaha isiingie. Wanaume walipekuliwa na wanaume, wanawake na wanawake, na mpekuaji anakuomba radhi kwa kukugusa. Madaktari wa kujitolea walifungua mahema ya matibabu. Wengine walifagia barabara kwa zamu. Wapo waliowafundisha kusoma watoto wa mitaani, maana mtoto asiye na kwao alikuta pale kuna chakula na watu wanaomwita kwa jina. Akina mama wauza chai, ambao siku zote walikuwa wakisumbuliwa na askari wa mji, walikaa pale kwa heshima.

Kwenye michango, waliweka masanduku yenye maneno ya maana hii: aliye nacho atie, asiye nacho achukue. Fikiri, sanduku la pesa liko wazi katikati ya maelfu ya watu wenye njaa! Na ilipofika swala jua likiwa kali, Wakristo wa pale walisimama wakashikilia vitambaa juu ya Waislamu ili kuwafanyia kivuli wakisali. Futari ililiwa kwa safu ndefu barabarani, tajiri na maskini kwenye sinia moja.

Mwenyezi Mungu katika Suratu Shuura amewasifu waumini ambao mambo yao huendeshwa kwa kushauriana. Na katika Suratun Nisaa ametuamrisha kufikisha amana kwa wenyewe. Shura na amana ndizo nguzo mbili zilizosimamisha yale mahema. Kelele peke yake haisimamishi hema hata usiku mmoja.

TATU: KONA MOJA ILIYOACHWA

Nitakuwa mwadilifu, nisikusimulie mazuri tu. Kando ya Mto Nile, pembezoni mwa kambi ile, palikuwa na eneo lililopewa jina la Kolombia, kwa sababu bangi na pombe vilikuwa vikipatikana huko. Utaratibu wa upekuzi na zamu haukufika kule. Wenye silaha wakalishika eneo hilo kuwa kisingizio.

Alfajiri ya tarehe 3 Juni 2019, mwezi 29 Ramadhani, kambi nzima ilivamiwa. Watu zaidi ya 100 waliuawa kwa hesabu ya madaktari wa Sudan, na baadhi ya maiti ziliopolewa mtoni. Intaneti ikakatwa ili dunia isione. Walioamua hivyo walidai kwamba walikusudia kusafisha Kolombia tu.

Hapa nasema bila kumung'unya maneno. Kumpiga risasi mtu aliyekaa na mikono mitupu ni dhulma, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Bangi ya kona moja haihalalishi damu ya umma. Shekhe anayeweza kutoa darsa nzima juu ya kosa la waliokaa, na asipate sentensi moja juu ya kosa la waliofyatua, huyo ameipunja mizani.

Lakini na wewe kijana uchukue funzo. Jambo lako linaweza kuwa la haki kabisa, na kona moja usiyoilinda ikampa adui mlango. Mlevi mmoja, mwizi mmoja, mrusha jiwe mmoja, ndiye atakayepigwa picha.

NNE: MAHEMA YALICHOMWA, KILICHOBAKI NI NINI?

Utasema, "Basi Shekhe, si walishindwa?" Jeshi lilitia saini makubaliano na raia Agosti 2019, kisha likapindua tena Oktoba 2021. Tarehe 15 Aprili 2023 majenerali wawili waliokuwa washirika wakageuziana mizinga, na nchi ikaungua.

Hata hivyo tazama ni nani walioibuka vita ilipoanza, maduka na hospitali vilipofungwa na mashirika mengi yalipoondoka. Ni kamati za mitaa, wengi wao vijana walewale wa maandamano. Waliunda walichokiita vyumba vya dharura: wakapika vyungu vikubwa mitaani, wakatafuta dawa, wakawahamisha wagonjwa na wazee. Wengi wao wamekamatwa, na wengine wameuawa kwa kazi hiyo. Mahema yalichomwa, ila ule mkono uliozoea kugawa chakula kwa haki haukuungua. Hiyo ndiyo faida ya amana. Inabaki hata pale ulichokidai kinapokuponyoka.

TANO: TUSISEME NI MAMBO YA MBALI

Sisi wa Manyovu hatuna udhuru wa kusema hatujui. Mwaka 2015, ng'ambo ya mpaka wetu, chuo kikuu cha Bujumbura kilipofungwa wakati wa machafuko, wanafunzi mamia walikwenda kulala nje ya ubalozi wa Marekani wakitafuta usalama. Walikaa wiki kadhaa. Tarehe 25 Juni, walipoona polisi wanataka kuwaondoa, wapatao 200 walipenya chini ya geti wakaingia ndani. Mwaka huohuo maelfu ya Warundi walivuka kuja kwetu, wengine kwa njia ya Manyovu, wengine kupitia Kagunga ziwani. Nyarugusu ikafurika, Nduta ikafunguliwa upya. Nao walikuwa na magodoro na masufuria kichwani. Walikuwa wametoa vyombo vyao njiani.

Je, sisi wapita njia tuliuliza kuna nini? Wapo waliouliza, wakatoa maharage na unga wa muhogo, Allah awalipe. Wapo waliosema tu, "Hawa ni wakorofi, ndiyo maana wamefukuzwa." Hukumu kwanza, swali halikuja kabisa!

Na tunayo shule yetu ya kujipanga, nayo ni msiba. Mtu akifa hapa Manyovu, kabla ya jua kuzama kuni zimefika, vijana wanachota maji, akina mama wako jikoni, wanaume wanalala nje kuzunguka moto na baridi yetu hii, na kuna mtu mmoja mwenye daftari la rambirambi. Daftari likienda sawa, msiba unakwisha watu wakiwa ndugu. Likipotea, maneno yake hudumu miaka kumi. Basi kijana unayetaka kusimamia haki za maelfu, anzia kwenye daftari la msiba. Anzia kwenye ndoo ya sadaka ya Ijumaa, isomwe hesabu mbele ya watu. Anzia kwenye zamu ya kujaza maji ya udhu. Asiyeaminiwa kwa shilingi elfu mbili ya kuni ataaminiwa vipi kwa roho za watu?

NENO LA MWISHO

Sijakutuma barabarani, na wala sijakwambia ufumbe mdomo. Nakwambia urudi kwenye hadithi ya jirani. Yule bwana angeweza kukaa njiani na vyombo vyake mwaka mzima, na asipate kitu, kama wapita njia wangeinamisha vichwa na kupita. Haki yake ilirudi kwa sababu watu walisimama wakauliza.

Wengi wetu hatutalala kwenye hema la madai hata siku moja katika maisha yetu. Sisi ni wapita njia. Wajibu wetu ni huo: ukiona mtu ametoa vyombo vyake nje, awe mkulima, mwanafunzi, mkimbizi au mke wa jirani yako, usianze na fatwa. Simama, muulize kuna nini, usikilize mpaka amalize. Na wewe mwenye mamlaka, kuanzia balozi wa nyumba kumi hadi juu kabisa, uliza kabla hujamtuma askari.

Ewe Mola wetu, warehemu waliouawa Sudan na Burundi na kila mahali pasipo haki. Wape amani majirani zetu. Utujaalie tuwe watu wa amana katika machache kabla ya mengi, na usitufanye miongoni mwa wanaopita wameinamisha vichwa. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq. Mfikishie na mwenzako.