Leza Ikififia, Usikimbilie Kulaumu Programu

Saa nane usiku, uko chumbani Kisumu Ndogo, Malindi. Feni inazunguka. Mezani kuna Arduino, nyaya zimesokotana, na leza nyekundu uliyoagiza Nairobi ikaja na basi. Jana ilipiga doa kali ukutani. Leo inatoa mwanga hafifu kama kimulimuli, na wewe umeandika upya programu mara tano. Wacha hiyo programu, ndugu yangu. Leza imeungua.

Dayodi ya leza ina ujanja huo. Mara nyingi ikiungua haizimi, inabaki kuwaka kinyonge kama LED ya kawaida, nawe unadhani bado ni nzima. Wengi wetu huiua kwa kuichomeka moja kwa moja kwenye pini. Chipu ya ATmega328P, ile ya Arduino Uno, mwisho wake ni miliampia 40 kwa pini moja, na hapo uko ukingoni. 20 ndizo za kufanyia kazi. Leza yenyewe haina breki. Ukiilisha volteji isiyobadilika, ikipata joto huvuta mkondo zaidi, inazidi kupata joto, mchezo umekwisha. Pini iachie transista kazi ya kuwasha na kuzima, na mkondo uwekewe mpaka kwa resista au saketi maalumu.

Mimi nimeua mbili. Ya tatu nusura initie wazimu: saketi sawa, hesabu sawa, lakini kila nikibonyeza riseti leza inawaka yenyewe. Siku mbili nasoma programu mstari kwa mstari. Kumbe chipu ikiamka pini zake huwa zinaelea, hazijaambiwa lolote, na transista yangu ya mosfeti inaokota umeme wowote unaopita. Resista moja ya kilo-omu 10, kutoka geti hadi hasi, ikamaliza maneno. Programu haikuwa na kosa hata moja!

Hapa ndipo nina kesi na klabu zetu za teknolojia, kuanzia Malindi hadi Kilifi mjini. Tunafundishana kuandika programu, hatufundishani kupima. Chukua mradi rahisi: leza mlangoni mwa duka, ihesabu wateja wanaoingia. Jua la Malindi litakipofusha kihisi chako, kwa hivyo unaipepesa leza ili kihisi kitofautishe mwanga wako na wa jua. Rimoti nyingi za TV hufanya hivyo, mara 38,000 kwa sekunde. Sasa weka multimita kwenye pini ya Arduino inayopepesa mara 490 kwa sekunde, nusu ya muda iwake, nusu izime. Utasoma volti 2.5. Uongo mtupu! Pini inaruka kati ya 0 na 5. Multimita imekupa wastani tu. Osiloskopu ndiyo itakuonyesha mawimbi yenyewe.

Huna? Weka LED ya kawaida mahali pa leza na uimulike kwa kamera ya simu. Ukiona mistari ikikata picha, signali ipo. Hakikisha hasi zote zimeungana. Leza irudi mwisho, na usiichungulie hata kwa mzaha, wala usiilenge ndege inayotua hapo uwanjani.

Si mambo ya Ulaya haya. Kaskazini mwa Malindi, baharini karibu na Ngomeni, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970, ikawa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei angani. Ikishapaa, hakuna fundi wa kuifuata na solda. Waya ambao haukupimwa chini, umeondoka nao.

Kwa hivyo klabu yako ikipata hela kidogo, kabla ya kununua Arduino ya kumi, nunueni osiloskopu moja, hata ndogo ya mkononi. Na ukutani tundikeni zile leza zilizoungua, kila moja na karatasi yake: nani aliiunga, aliiunga vipi, alipima nini. Yangu mbili nitaleta.