Hakuanguka: Mwalimu Aliyekwenda Garaji



Habari hii inafahamika katika parokia nyingi za Kivu. Kijana amepata diploma ya serikali, akashika chaki miaka minne katika shule ya msingi, mwezi huu akipata kitu, mwezi ujao akikosa, jina lake likingojea kuingizwa katika orodha ya mishahara huko Kinshasa. Siku moja anawaambia wazazi wake kwamba anakwenda kujifunza ufundi wa magari. Nyumba inanyamaza. Jumapili, baada ya misa, watu wanaulizana uwanjani: je, alisoma bure? Tangu siku hiyo hawamwiti tena mwalimu. Wanamwita yule wa garaji.

Mimi nasema kwamba kijana huyo hakuanguka, na kwamba aibu tunayomvika si ya Kikristu. Lakini sitaki kumsifu upesi mno, kwa maana kubadili kazi kuna masharti yake.

Aibu hiyo ina historia. Wakati wa ukoloni, karani mwenye kalamu alisimama karibu na wakubwa, na mtu wa jembe na nyundo alisimama mbali. Wazee wetu waliuza mbuzi na mihogo ili mtoto avuke aende upande wa kalamu. Tusiwalaumu, walitaka tuokoke na taabu waliyoijua. Lakini tukumbuke ni swali gani watu wa Nazareti waliuliza walipotaka kumdharau Yezu: je, huyu si yule seremala? Swali letu la uwanjani ni ndugu wa swali hilo. Na Paulo Mtume, aliyesoma miguuni pa Gamalieli, mwalimu mkubwa wa Sheria, alishona mahema kule Korinto ili apate riziki yake. Hakuna aliyesema kwamba alisoma bure.

Papa Yohane Paulo II, ambaye ujanani mwake alivunja mawe machimboni na kufanya kazi kiwandani, aliandika mwaka 1981 barua yake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens. Humo anafundisha kwamba heshima ya kazi haitokani kwanza na aina ya kazi, bali na yule anayeifanya, kwa sababu ni mtu. Nasi Wakongomani tunaye mwenye heri Izidori Bakanja, mlei aliyekuwa msaidizi wa waashi. Mikono iliyoshika rozari yake ndiyo iliyobeba matofali.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo. Yakikaa muda mrefu bila kubadilishwa, katika mteremko mrefu breki hupata moto, maji yaliyomo huchemka na kuwa mvuke, na dereva akikanyaga, mguu unazama bila gari kusimama. Fikirini gari lililojaa akina mama na mizigo yao, likiteremka milima ya Ngomo kuelekea Kamanyola. Uhai wao wote umepita mikononi mwa fundi ambaye hawamjui. Kama alibadilisha mafuta kweli, watafika. Kama alipokea fedha akafuta tu vumbi juu ya kifuniko, hakuna aliyemwona, isipokuwa Mungu.

Kwa hiyo nasema kwamba mwalimu huyo hakutoka katika kazi ya heshima kuingia katika kazi isiyo na heshima. Alitoka katika amana moja akaingia katika amana nyingine. Jana alikabidhiwa akili za watoto. Leo amekabidhiwa maisha ya wasafiri.

Masharti yake basi ni haya. La kwanza, aondoke vema. Mwalimu asiyelipwa ana haki ya kutafuta chakula cha watoto wake; lakini asiwaache wanafunzi katikati ya mwaka bila kuaga, maana si wao waliomnyima mshahara.

La pili, akubali kuwa mwanafunzi tena. Garajini atalala chini ya gari, ataosha vyuma kwa petroli, na kijana wa miaka 17 atamwamuru alete kle ya 13. Asipoweza kumtii kijana huyo, hataujua ufundi. Na siku moja atatambua kwamba shule yake haikupotea: anajua kusoma kitabu cha injini, kuandika hesabu ya piesi bila kudanganya, na kumweleza mwenye gari ugonjwa wa gari lake hata akaelewa.

La tatu, awe mkweli. Mwenye gari hajui kilichomo chini ya boneti. Hapo ndipo kishawishi kilipo. Fundi Mkristu amrudishie mwenye gari kipuri cha zamani mkononi, amwonyeshe kilipoharibika. Hilo ni tendo dogo, lakini ni ushuhuda.

Nanyi, vijana wa kikundi, mna sharti lenu. Ndugu huyo akija sala ya jioni na mafuta meusi chini ya kucha, msimsogezee kiti cha nyuma. Mwombeni asome somo, kama alivyosoma zamani alipokuwa na chaki. Mikono ile haina najisi, imetoka kazini.

Tarehe 1 Mei tunamheshimu Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Kabla ya kuimba siku hiyo, tujiulize kikundini:

1. Ni nani katika shirika letu tuliacha kumwita kwa heshima alipobadili kazi?
2. Katika masomo au kazi yangu, maisha ya nani yamewekwa mikononi mwangu?
3. Je, natafuta kazi inayofaa, au natafuta tu kuonekana?